Sitavaa tena ndevu za pamba: barua ya wazi kuhusu tarehe 6 Desemba

Lubumbashi, Kongo, mwezi wa Oktoba

Kwa wakurugenzi wa shule za chekechea na za msingi za Lubumbashi, kwa wajumbe wa kamati za wazazi, na kwa ninyi mlio katika ofisi za elimu za Haut-Katanga.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa mwaka wa kwanza katika shule moja ya Katuba, na kwa miaka 8 nimekuwa pia Saint Nicolas, yule mtakatifu Nikolasi anayewagawia watoto zawadi tarehe 6 Desemba. Mnajua inavyokuwa. Shule haina pesa ya kumkodi mtu, basi anatafutwa mwalimu mrefu mwenye sauti. Anavikwa kanzu ya kwaya, anawekewa kofia ya kiaskofu iliyokatwa kwenye katoni ya mafuta ya kula na kufunikwa karatasi ya dhahabu, kisha pamba ya famasi inabandikwa kidevuni. Pamba inawasha. Desemba kwetu ni mvua na fukuto, na ndani ya zile ndevu unavuta pumzi yako mwenyewe asubuhi nzima. Watoto wanaimba Kifaransa wasichokielewa, wanatetemeka kwa furaha, nami niliipenda kazi ile kuliko nyingine yoyote ya mwaka. Naanza na hilo ili mtu asiseme kwamba anayeandika hapa ni adui wa sikukuu.

Naandika kwa sababu ya mwaka juzi.

Kwa asiyejua utaratibu wetu: Saint Nicolas wa shule zetu hanunui kitu. Mzazi ananunua zawadi sokoni, anaifunga, anaandika jina la mtoto na darasa lake, anaileta ofisini kwa mkurugenzi tarehe 3 au 4, kwa kujificha. Tarehe 6 mimi nasoma majina. Anayeitwa anakuja mbele, anainama, anapokea, shangazi mwenye simu anapiga picha, wote wanapiga makofi. Mwaka ule juu ya meza kulikuwa na baiskeli ndogo ya magurudumu manne iliyozungushiwa utepe tu, maana baiskeli haifungiki. Kulikuwa na pupe, yaani wanasesere, wenye nywele za manjano na magari ya betri. Kulikuwa pia na vifurushi vya karatasi ya gazeti vyenye kitu chepesi ndani, kaye mbili, yaani daftari, na kalamu za rangi, ambavyo mama fulani alivifunga kwa makini sana ili vionekane vikubwa.

Darasa langu lilikuwa na watoto 52. Vifurushi vilikuwa 46. Nilivihesabu asubuhi, nikanyamaza. Hilo ni langu, simtwishi mtu mwingine.

Mvua ilianza katikati ya majina. Mvua juu ya mabati mnaijua: ilibidi nipaze sauti, na kila jina likatoka kama tangazo la sokoni. Majina yalipokwisha nilipewa katoni ya biskuti. "Wale waliobaki wasimame." Ndivyo tulivyosema, waliobaki, na ni kinywa changu kilichotamka. Wakasimama sita. Watano wakapokea biskuti wakarudi kukaa. Wa sita, kijana wa miaka 6, mtoto wa mama anayeuza makala, yaani mkaa wa kupikia, alikuja hadi mbele, akaitazama meza tupu, akatazama chini, akaviona viatu vyangu. Viatu vile anaviona kila siku: vya kahawia, cha kushoto kimeshonwa kwa uzi mweusi. Akainua macho.

— Mwalimu, mi siko mubaya.

Alisema polepole, kwa siri, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kosa dogo kwenye hesabu.

Asubuhi iliyofuata mama yake alikuja shuleni. Nilidhani amekuja kulalamika, nikawa natayarisha maneno. Alisimama mlangoni, akanisalimu kwa heshima kama anavyosalimu siku zote, kisha akauliza: "Mwalimu, mutoto alifanya makosa gani? Anasema Saint Nicolas alimukatala. Uniambie, nimurudi." Hakuja kudai zawadi. Alikuja kuuliza kosa ili amwadhibu mtoto. Maneno niliyokuwa nimeyatayarisha hayakufaa kitu.

Waheshimiwa, naomba tuelewane hapa kabla sijaendelea. Yule mtoto hakukosa kitu cha kuchezea. Ana gari la waya alilojitengenezea mwenyewe, lenye usukani mrefu unaofika kifuani na magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili ya zamani, na linapinda kona vizuri kuliko magari yote ya betri niliyoyagawa siku ile. Alichokipata kwetu ni kitu kingine. Tangu katikati ya Novemba sisi walimu na wazazi tunawaambia watoto: Saint Nicolas anawapa wale wenye adabu, na Père Fouettard anakuja na fimbo kwa wale wabaya. Tunalitumia kama dawa ya kelele darasani. Mimi mwenyewe nimelitumia mara nyingi. Halafu tarehe 6 tunawapa majibu mbele ya watu. Mtoto wa miaka 6 anajua kufikiri. Zawadi ni ya mwenye adabu, mimi sikupewa, basi. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Tulimpa kanuni ya uongo, yeye akaitumia bila kukosea.

Na mwenye baiskeli naye anapiga hesabu. Amepewa kikubwa kuliko wote, kwa hiyo yeye ni mwema kuliko wote. Januari nilimsikia akimweleza mwenzake wa dawati jambo hilo, bila majivuno yoyote, kama mtu anayetaja kimo chake.

(Kuhusu Père Fouettard: katika shule zetu, ambako sote ni weusi, anachukuliwa mwalimu au mlinzi akapakwa masizi usoni ili awe mweusi zaidi, na huyo ndiye mbaya. Hilo lingestahili barua yake. Leo nasema tu kwamba mwaka huu tumwache alale.)

Nimejiuliza sana tulifikaje hapa, maana sikumbuki sherehe ya namna hii utotoni mwangu. Nilikulia katika kambi ya wafanyakazi. Baba alikuwa kiwandani, posho ya unga ilitoka kila mwezi, na Desemba kampuni ndiyo iliyonunua zawadi. Wavulana wa umri mmoja tulipata mpira uleule, wasichana pupe yuleyule. Jina likiitwa, ulikuwa unajua tayari utakachopokea, kwa sababu jirani yako ameshakipokea. Sisemi ilikuwa paradiso: watoto wa wakubwa walikuwa na sherehe yao upande mwingine, na hatukualikwa. Lakini ndani ya ua wetu hakuna aliyeweza kusoma mshahara wa baba yako kwenye kifurushi chako.

Kisha mishahara ikaanza kukwama, miaka ya 1990, na yaliyofuata mnayajua kuliko mimi. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharamiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Kila familia ya mji huu ina mjomba au baba aliyechukua bahasha ile. Kampuni ilijitoa, lakini kanzu, kofia, meza na orodha ya majina vikabaki, na ankara ikahamia kwa mzazi. Sidhani kuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Sherehe iliyobuniwa ili mlipaji awe mmoja iliachwa iendelee ilhali walipaji ni 52, na kati yao kuna mwenye magari ya kubeba madini na kuna mwenye gunia moja la makala.

Kuhusu gunia hilo. Karatasi iliyotumwa nyumbani mwaka juzi, iliyobandikwa kwenye kaye ya mawasiliano, ilidai mambo mawili: kifurushi, na dolari 5 za sherehe "au faranga kwa kiwango cha siku". Chini yake mstari mmoja: mtoto ambaye hajalipiwa abaki nyumbani siku hiyo. Kwetu hatukuutekeleza mstari ule. Ziko shule zinazoutekeleza. Mama wa makala anauza kwa vifuko vidogo vya plastiki, na Desemba ndio mwezi mgumu kwake, njia za kutoka porini ni tope na gunia limepanda. Wakati huohuo michezo ya watoto, pupe na magari, nayo imepanda. Imesafiri kutoka China hadi Dar es Salaam, ikavuka Zambia, ikapanga foleni mpakani Kasumbalesa, na ikifika soko la Kenya, hapa hapa mjini kwetu, wiki ya mwisho ya Novemba muuzaji anajua kabisa kwamba mzazi hana nafasi ya kungoja Januari. Wenye likelemba, yaani kuchangiana pesa kwa zamu, wanaomba zamu yao isogezwe mbele. Wasio nayo wanakwenda kwa wale wakopeshaji wa mtaani tunaowaita benki Lambert, unachukua 100 unarudisha 150. Na yote haya kabla ya nguo za Noeli, kabla ya kuku wa Bonane, yaani Mwaka Mpya, kabla ya Januari yenyewe.

Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, kama ibara ya 43 ya Katiba ilivyokuwa inasema tangu 2006. Tulifunga mlango wa minerval, ile ada ya shule, na kila mwisho wa mwaka michango inaingilia dirishani ikiwa imevaa ndevu.

Tena ninyi wakurugenzi hamhitaji kufundishwa jambo hili. Mnalijua, na mnalitekeleza kila siku ya masomo. Kwa nini mtoto wa nchi hii anavaa shati jeupe na bluu chini, kuanzia Katuba hadi mjini kati? Ili mwalimu akisimama mbele asione mtoto wa nani ni yupi. Nyote mmewahi kumrudisha nyumbani mtoto kwa sababu ya viatu vya kung'aa au hereni za dhahabu. Na sare hiyohiyo tunaivua siku gani? Tarehe 6 Desemba. Karatasi inasema: mavazi huru. Siku ambayo tunatoa zawadi za kutofautiana ndiyo siku tunayoondoa kitu pekee kilichokuwa kinawafananisha.

Nimeambiwa na mjumbe mmoja wa kamati, mtu mzuri, kwamba mimi ninataka kuwanyima watoto wa wenye uwezo kwa sababu ya watoto wa wasio nao. Hapana. Baiskeli ile mtoto aipate, na aipande hadi magurudumu yatoke. Aipate nyumbani kwake, sebuleni, kutoka kwa Saint Nicolas wa usiku anayejua njia ya nyumba ile. Wabelgiji wenyewe waliotuletea desturi hii waliizoeza hivyo majumbani: mtoto anaweka kiatu chake jioni, anakikuta na kitu asubuhi. Hakuna hadhira.

Mwingine aliniambia kwamba maisha hayako sawa na ni bora watoto wajue mapema. Huyo nilimwomba aje Katuba saa 11 alfajiri kwenye bomba la maji aone ni nani wamebeba madumu. Mtoto wa makala alishajua siku nyingi kwamba nyumbani hakuna pesa. Jambo jipya alilojifunza kwetu ni kwamba yeye ni mbaya.

Na wa tatu, kijana mwenye shahada, anasema tuifute yote, ni ya kikoloni. Siko naye, ingawa namwelewa. Kwa sababu nilikwenda kumtafuta huyu Nikolasi mwenyewe ni nani, na nikagundua kwamba ndiye shahidi wangu mkubwa. Alikuwa askofu wa Myra, mahali palipo Uturuki ya leo, katika karne ya 4. Inasimuliwa kwamba kulikuwa na baba mmoja aliyefilisika, mwenye mabinti watatu, na kule mahari ilitolewa na baba wa binti, si kama kwetu. Asingepata mahari, wasichana wangeuzwa kwenye ukahaba. Nikolasi alikuwa na dhahabu. Hakumwita yule baba mbele ya waumini amsomee jina. Alikwenda usiku, akatupa mfuko dirishani, akakimbia. Akarudi usiku mwingine kwa binti wa pili. Mara ya tatu baba alikesha akimvizia, akamkamata, na Nikolasi akamsihi asimwambie mtu yeyote. Ndiyo habari yote. Mtu aliyekimbia gizani ili masikini asiaibike, sisi tumempa jukwaa, kipaza sauti na orodha.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na kila sherehe ya Desemba lazima mtu ausimamishe msemo huu kwenye hotuba. Ni msemo wa anayetoa. Kwa aliyesimama kwenye mstari akingoja jina, moyo wa mama yake hauonekani. Kinachoonekana ni ukubwa wa kifurushi.

Ukitaka kuona namna nyingine, tazama Bonane. Tarehe 1 Januari watoto wa mtaa wanapita mlango hadi mlango, "Bonane! Bonane!", na kila nyumba inatoa inachoweza: andazi, faranga kidogo, kikombe cha sukre, yaani soda. Pale mtoto hapewi na baba yake. Anapewa na mtaa. Wa makala anagonga mlango wa mwenye malori, na mwenye malori akikataa, aibu ni ya nani? Nguo mpya ndizo zinazoharibu siku ile, ndiyo, na najua watoto wanaojificha ndani tangu Noeli kwa kukosa nguo. Lakini umbo la Bonane ni zuri, na halikuhitaji karatasi ya mkurugenzi.

Sasa ninayoomba.

Kwanza, vifurushi vyenye majina visipokelewe shuleni kabisa. Mzazi akikileta, akirudishe nyumbani, na kwa shukrani. Sheria iko upande wenu mkihitaji kuitaja: ile ya 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 ambao nchi yetu iliuridhia mwaka uliofuata. Ibara ya 2 ya mkataba huo inakataza mtoto kubaguliwa kwa sababu ya mali ya wazazi wake. Neno mali limo humo waziwazi.

Pili, shule itoe kitu kimoja kwa wote, au isitoe kitu. Mimi napendekeza chakula, kwa sababu chakula hakipelekwi nyumbani kulinganishwa. Sufuria kubwa za wali na maharagwe, kuku wakipatikana, na maembe, ambayo Desemba yanaanguka yenyewe. Au mpira mmoja kwa kila darasa. Mchango uwe wa bahasha iliyofungwa, kila nyumba itie ilicho nacho au itie karatasi tupu, na asiwepo wa kuandika orodha. Nimeongea na wazazi kadhaa wenye uwezo; hawakukasirika. Mmoja alisema afadhali, mwaka jana alinunua gari la betri na likafa kabla ya Noeli.

Tatu, na hili ni kwenu mlio katika ofisi za elimu: waraka. Mfupi, wa aya moja, utoke kabla ya tarehe 15 Novemba, maana baada ya hapo karatasi za michango zimeshabandikwa kwenye kaye na mama zetu wameshakopa. Mkurugenzi mmoja hawezi kuanza peke yake. Wazazi watasema shule yake imechoka, na watoto watahamishiwa kwa jirani mwenye jukwaa na puto. Wakianza wote, hakuna wa kukimbiliwa.

Kwa wafadhili wanaokuja na malori ya michezo na watu wa kamera nina sentensi moja: leteni kaye na kalamu mwezi wa Januari, muwape ofisini, na kamera ibaki garini.

Yule mtoto sasa yuko mwaka wa tatu. Ni wa nne darasani. Zamani alikuwa wa kwanza kuinuka kunifutia ubao. Tangu Desemba ile hakuufuta tena, nami sikumwomba. Tukikutana njiani ananiamkia vizuri, kisha anatazama viatu vyangu. Nimeshavibadilisha.

Mwaka jana nilikataa kuvaa kanzu, nikasema naumwa, na walimpata mwalimu mwingine. Mwaka huu sitasema naumwa. Kamati yetu ya wazazi inakutana Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Kofia ya katoni iko kabatini kwangu, karatasi yake ya dhahabu imechanika kidogo upande mmoja lakini inafaa bado. Kikao kikiamua sufuria, nitaivaa na nitapakua wali mwenyewe. Kikiamua vifurushi, nitaileta mezani siku hiyohiyo, na mjumbe yeyote anayetaka kusoma majina ataikuta hapo.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa mwaka wa kwanza, Katuba